Siku Moja Maishani Mwangu: Mwokaji wa Keki za Chokoleti, Kirumba

Saa kumi na moja alfajiri, Kirumba, hapa Mwanza, bado ni giza, nami nimeshawasha oveni, kwa sababu keki isiyopoa mapema hupambwa kwenye joto la mchana na krimu ya siagi huteremka ubavuni. Wapita njia hudhani kazi yangu ni kuonja utamu kutwa. Mabega yangu yana maelezo mengine.

Kakao nailoweka kwanza kwa maji ya moto, maana joto ndilo linaloifungua harufu yake, halafu naichanganya na mayai, sukari, mafuta, unga na magadi soda. Kufikia saa tatu zote zimeiva, na adhuhuri nimemaliza kupamba.

Saa nane alifika mama aliyeagiza keki ya kipaimara, nusu ya juu ikiwa wazi bila krimu, kama alivyotaka mwenyewe. Alifungua boksi, akalifunga, akalifungua tena.

"Mwanangu, hii ni chokoleti kweli? Mbona ya kahawia? Umebania kakao."

Nilimweleza kwa heshima kwamba weusi si wingi wa kakao. Kakao ya asili ina tindikali na rangi ya kahawia, na tindikali hiyo ndiyo inayoamsha magadi soda keki ikaumuka. Ile nyeusi imetiwa alkali, kitu kinachopunguza tindikali, njia iliyotoka Uholanzi kwa familia ya van Houten, ambayo mwaka 1828 ilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao. Kabla ya hapo chokoleti ilikuwa zaidi kinywaji, na unga mkavu tunaouchekecha leo ulikuwa bado haujaenea. Alkali hupunguza ukali, hivyo keki nyeusi ti huweza kuwa na ladha ya upole kuliko hii anayoidharau.

Maelezo hayo aliyapokea kwa kumpigia dada yake simu. Dada naye akataka aonyeshwe kwa video, kwanza juu, kisha pembeni, kisha apunguziwe bei, ingawa si yeye aliyekuwa akilipa. Wateja wengine wawili walichoka wakaondoka. Hatimaye nilimpa mama vipande nilivyopunguza wakati wa kusawazisha keki. Alikula kimya, akaomba kingine cha mjukuu, akakila nacho, kisha akalipa pungufu ya shilingi elfu tano, "ya usafiri".

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Keki ya Nyegezi niliipeleka mwenyewe kwa bajaji, nikiipakata kila tuta, nikarudi kwenye masufuria yaliyokaukiwa na krimu. Kipande kilichobaki sikukitia kwenye friji, kwa kuwa baridi huigandisha siagi na kuififisha kakao. Ninakila sasa kwa chai ya rangi, na nasema bila aibu kwamba ni kitamu.

Ujumbe umeingia: mteja mpya anataka keki ya chokoleti, "nyeusi kabisa". Nimemwandikia bei ya kakao hiyo na kumwomba malipo ya awali.