Kujifunza kunyanyua tairi la mbele kwenye pikipiki iliyoundwa kulizuia lisinyanyuke

Pikipiki ninayoendesha ni Yamaha YZF-R1 ya mwaka 2015, na miongoni mwa kazi ambazo kompyuta yake imepewa ni kuzuia kitendo kilekile ninachojifunza siku hizi, yaani kunyanyua tairi la mbele na kuendelea kwenda kwa tairi la nyuma peke yake, jambo ambalo vijana wa hapa Nairobi hulisema kwa neno moja tu: kupiga wili. Wengi wanaoniuliza kuhusu zoezi hili huanza na dhana kwamba pikipiki yenye vifaa vya elektroniki humlinda anayejifunza, hivi kwamba akizidisha, mashine yenyewe itamrudisha chini salama. Sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu mtu anayeingia katika zoezi hili akiwa na dhana hiyo anaweza kuvunjika mgongo.

Mfumo unaozuia tairi la mbele lisipande huonyeshwa kwenye dashibodi kwa herufi LIF, na una ngazi 3 pamoja na nafasi ya kuuzima kabisa. Nyuma yake kuna kifaa chenye vihisi 6. Vitatu hupima jinsi pikipiki inavyozunguka: pua inavyoinuka au kuinama, chombo kinavyolala ubavu, na kinavyogeuka kushoto au kulia. Vitatu vingine hupima jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Kwa maelezo ya Yamaha wenyewe, hesabu hizo hufanywa mara 125 katika kila sekunde. Kompyuta ikiona pua inapanda kwa kasi kuliko ngazi uliyochagua inavyoruhusu, hupunguza nguvu ya injini. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu waya wa mafuta unaotoka mkononi mwangu hauishii kwenye milango ya hewa ya injini; unaishia kwenye kihisi, na milango yenyewe hufunguliwa na mota ya umeme. Ninachofanya mimi ni kuomba, na kompyuta ndiyo inayoamua nipewe kiasi gani.

Lakini iliundwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mtu anayetaka kucheza na tairi la mbele. Iliundwa kwa ajili ya mkimbiaji anayetoka kwenye kona na kutaka nguvu yote, ambaye tairi la mbele likipanda humlazimu kupunguza mafuta na kupoteza muda, na zaidi ya hapo hawezi kupiga kona kwa gurudumu lisilogusa lami. Watengenezaji wa pikipiki wa Aprilia walikuwa na kitu cha aina hiyo kwenye RSV4 ya mwaka 2011, katika kifurushi cha elektroniki walichokiita APRC, na lengo lao lilikuwa kupunguza muda wa mbio. Hata mabawa madogo ambayo Ducati waliyaweka kwenye pikipiki zao za mbio za MotoGP mwaka 2015 yana kazi inayofanana na hiyo: hewa inakandamiza pua chini, na kompyuta haihitaji kukata nguvu nyingi. Kwa hiyo mfumo huu ni kifaa cha kwenda kasi, na mtu anayeutumia kama mlezi wake anautaka ufanye kazi ambayo haukupewa.

Ili tuelewane vizuri, lazima nieleze kinachotokea pikipiki inaponyanyuka. Kwenye pikipiki ya michezo, urefu kati ya magurudumu mawili ni kama mita 1.4, na uzito wa chombo pamoja na mpanda wake hukaa karibu na katikati, kwenye kimo kisichopungukiwa sana na nusu ya urefu huo. Hesabu yake ni rahisi: ili tairi la mbele liachane na lami, nguvu inayosukuma kwenye tairi la nyuma lazima ikaribie uzito mzima wa pikipiki na mtu aliye juu yake. Hiyo ni nguvu kubwa sana. Hata hivyo, pua inapoanza kupanda, uzito huhamia nyuma, na kila nyuzi unayoipata hupunguza nguvu inayohitajika kuipata nyuzi inayofuata. Ukifika pale ambapo uzito uko juu kabisa ya mahali tairi la nyuma linapogusa lami, yaani mahali pa mizani, huhitaji kusukuma tena ili kubaki pale. Unakuwa kama mtu anayesimamisha mchi wima kiganjani, ambaye kazi yake yote ni kusahihisha kidogo huku na kidogo kule.

Hapa ndipo hatari ilipo. Anayejifunza amejikaza, amefungua mafuta kwa nguvu kwa sababu mwanzoni pikipiki ilikataa kunyanyuka, kisha inapokubali hapunguzi. Nguvu ileile iliyokuwa haitoshi nusu sekunde iliyopita sasa ni nyingi mno. Mwili unarudi nyuma, mikono inavutwa, na kifundo cha mkono wa kulia kinajipinda na kufungua mafuta zaidi bila mwenyewe kukusudia. Ndiyo maana magoti yanatakiwa kulibana tangi, ili mikono isigeuke kuwa kamba za kujishikilia.

Mwalimu wangu ni kijana aliyeanza na bodaboda kabla hajahamia kwenye pikipiki kubwa, na tunafanyia mazoezi kwenye kipande cha lami cha mtu binafsi nje ya jiji, kwa ruhusa ya mwenyewe. Barabarani hatufanyi, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ina adhabu ya kutosha kwa uendeshaji wa hatari, na hata isingekuwepo, mama anayevuka barabara na mtoto hana sababu ya kuwa sehemu ya mazoezi yangu. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kunyanyua. Aliniambia, "Mzee, kabla hujaomba tairi lipande, nionyeshe mguu wako wa kulia unaweza kulishusha." Nikazunguka nikiwa na magurudumu yote mawili chini, mafuta yakiwa wazi kidogo, nikigusa breki ya nyuma kwa vidole vya mguu tena na tena, hadi mguu ukazoea kukaa juu ya pedali badala ya kukaa nyuma kwenye kikanyagio kama wanavyofanya wakimbiaji.

Breki ya nyuma ndiyo roho ya mchezo huu. Ikikanyagwa wakati pua iko juu, huvuta pua chini mara moja, hata kama umepita kidogo mahali pa mizani. Kufunga mafuta pia hushusha pua, lakini kwa ghafla na kwa kishindo, na ukiwa umeshapita mahali pa mizani huenda kusitoshe. Kubana klachi ndiko kubaya kuliko kote, kwa sababu kunaondoa hata ule ukinzani wa injini ambao ungesaidia kuvuta pua chini. Mwalimu alinitaka niiguse breki kila tairi linaponyanyuka, hata likiwa limepanda kimo cha shubiri tu na bila haja yoyote ya breki. Niliona ni kupoteza muda, na yeye hakujali nilivyoona.

Sasa turudi kwenye elektroniki. Katika hatua ya mwanzo niliiacha LIF kwenye ngazi ya 1, ambayo ndiyo inayoingilia kidogo zaidi, na nikachagua mojawapo ya ngazi za upole za mafuta, kwa maana PWR ya R1, yaani mpangilio wa jinsi injini inavyojibu mafuta, ina ngazi 4 na ile ya kwanza hujibu kwa ukali usiomfaa anayejifunza. Mpangilio huo ulinisaidia katika jambo moja: kusikia tairi la mbele likiwa jepesi, likipanda kidogo na kurudi, bila kunishtua. Usukani unalegea mikononi kabla macho hayajaona chochote, na hisia hiyo inafaa kuijua kwa utulivu.

Ila kuna tabia mbaya inayozaliwa papo hapo. Kwa kuwa kompyuta hupunguza nguvu yenyewe, mkono hujifunza kwamba unaweza kufungua na kubaki wazi. Pua inapanda, kompyuta inakata, pua inashuka, na mpanda anadhani ni yeye aliyefanya kazi nzuri. Siku atakapozima LIF akiwa na mkono uleule, hakuna atakayemfungia mafuta. Kwa sababu hiyo naona ngazi ya 1 ifae kwa muda mfupi tu, na anayeendelea nayo kwa muda mrefu anaufundisha mkono wake jambo litakalomdhuru. Isitoshe, ukataji wenyewe si laini kila mara: tairi likishushwa na kompyuta likiwa limepanda kiasi, pua hugonga lami, na shokapu za mbele, sili zake na beringi za usukani ndizo zinazolipa.

Suala la ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki, ni gumu zaidi, na nashangaa kwamba huzungumzwa kidogo. Tairi la mbele likiwa hewani halizungushwi na kitu chochote, kwa hiyo hupungua mwendo taratibu huku la nyuma likiendelea na kasi yake. Kompyuta inayolinganisha magurudumu mawili huona tofauti ambayo haiwezi kuielewa vizuri. Kwenye baadhi ya pikipiki, ukikaa juu kwa muda mrefu taa za hitilafu huwaka kwenye dashibodi na mifumo hujizima hadi uzime swichi na kuwasha upya. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba, kwenye baadhi ya pikipiki, ABS inaweza kuingilia breki ya nyuma wakati ule ule unapoihitaji. KTM wana modi wanayoiita Supermoto, ambayo huacha ABS ya mbele ikifanya kazi na kuiachia huru ya nyuma. R1 yangu haina swichi ya kuzima ABS. Kuna wanaochomoa fyuzi. Mimi sijachomoa, kwa kuwa pikipiki hiyohiyo ndiyo inayonirudisha nyumbani mvua inaponyesha. Nilichofanya ni kuijaribu breki ya nyuma pua ikiwa chini sana, kisha juu kidogo, kisha juu zaidi, hadi nikajua inavyojibu katika kila kimo. Yeyote anayejifunza kwenye pikipiki yenye ABS anapaswa kupata jibu la swali hilo kwenye chombo chake mwenyewe kabla ya kutafuta mahali pa mizani, wala asitegemee jibu la rafiki mwenye pikipiki ya aina nyingine.

Kuna jambo la mwinuko pia, ambalo wenzetu wa Mombasa hawalijui. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. R1 hutangazwa kuwa na nguvu za farasi 200 na msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 112.4, lakini msokoto huo hupatikana kwenye mizunguko 11,500 kwa dakika, na gia yake ya kwanza ni ndefu mno. Ndiyo sababu pikipiki ambayo ingenyanyuka kwa mafuta peke yake kule pwani, hapa huhitaji mpanda avizie injini ikiwa juu zaidi, au asaidiwe na klachi. Wengine hupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Mimi nimeiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Kushuka nako kuna adabu yake. Mafuta hayafungwi, huachwa wazi kidogo hadi tairi liguse, na usukani uwe umenyooka, kwa sababu tairi likigusa lami likiwa limegeukia upande, usukani unaweza kuanza kutikisika kwa nguvu usiyoweza kuizuia. Kidole hakigusi breki ya mbele hewani, kwani tairi lililosimama likitua huburuzika kabla halijaanza kuzunguka. Baada ya kila zoezi nakagua kina cha oili, kwa kuwa pua ikiinuka sana oili hukimbilia nyuma na pampu inaweza kufyonza hewa, na nakagua pia ulegevu wa cheni na pedi za breki ya nyuma, ambazo sasa zinaisha haraka kuliko nilivyozoea.

Wakati mwingine mtu huniambia kwamba bila vifaa vya kisasa mchezo huu hauwezekani. Mwaka 1991 Yasuyuki Kudo alikwenda kilomita 331 kwa tairi la nyuma nchini Japani, juu ya Honda TLM220R, pikipiki nyepesi ambayo haikuwa na chochote cha aina hii. Mwaka 1999 Patrik Fürstenhoff alifikisha kilomita 307.86 kwa saa, tairi la mbele likiwa hewani, huko Bruntingthorpe nchini Uingereza.

Kwa sasa nimetenga modi mbili kwenye R1. Modi A ina kila kitu cha kunilinda barabarani, na modi D ina LIF iliyozimwa kwa ajili ya kile kipande cha lami. Bado niko kwenye gia ya kwanza na bado sijafika mahali pa mizani. Pua inapanda hadi taa ya mbele inatazama vilele vya miti, mguu unaishusha, nazunguka na kuanza tena. Mwalimu anasema gia ya pili na klachi zitafuata pale nitakapoacha kuutazama mguu wangu.