Nilivyoifufua redio kaseti ya mkononi mpaka bibi akaitambua sauti ya mwanawe

Redio kaseti ndogo ya mkononi ikikaa kabatini miaka mingi hapa Unguja, mara nyingi kinachoiua ni kutu na mpira. Hewa ya bahari hula chuma, na mikanda ya mpira iliyomo ndani huoza yenyewe hata kama mashine haijaguswa. Nayasema haya kwa sababu watu wengi wanazitupa zikiwa bado nzima, na kaseti za wazee zinabaki hazina pa kusikilizwa.

Za kwetu ni barua. Ami yangu alihamia Muscat kabla sijazaliwa, na kama jamaa wengi wa Kizanzibari walioko Omani, alikuwa hapendi kuandika. Akirekodi kaseti, anamsalimia kila mtu kwa jina lake, anauliza karafuu za mwaka huo, halafu anampa msafiri. Ami keshatangulia mbele ya haki. Kaseti zake ziko kwa bibi, Kikwajuni, ndani ya kopo la biskuti, na bibi alikuwa akiniuliza lini atamsikia tena mwanawe.

Nilianzia kwenye betri. Sehemu zinapogusana na chuma zilikuwa na unga mweupe wenye ukijani. Betri za alkalaini zikivuja, unga wake unakatwa kwa siki au ndimu: unachovya pamba, unasugua, unafuta kwa spiriti ya duka la dawa, kisha unapitisha msasa laini mpaka chuma king'are. Baada ya hapo nikatia betri mpya na kubonyeza. Mota ikavuma, lakini hakuna kilichozunguka. Nilifurahi sana, maana mota ikiwa hai, mara nyingi kilichokufa ni mkanda tu, ule unaopeleka mzunguko wa mota kwenye magurudumu.

Skrubu za mashine za Kijapani zina msalaba wake. Ukitumia bisibisi isiyokaa sawasawa unazila vichwa, na hapo kazi imekwisha. Ndani nikaukuta mkanda umeyeyuka, mweusi kama lami, umeshika kwenye kapi la mota na kwenye gurudumu zito linalotuliza mwendo. Uondoe wote, kwa spiriti na vijiti vya meno, hata kama itakuchukua usiku mzima. Chembe ikibaki kwenye kapi, mkanda mpya utaruka kila mzunguko na sauti itayumba. Lile gurudumu dogo la mpira linalobana utepe usilipake spiriti, linakauka na kupasuka. Lenyewe linatosha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo.

Mkanda ukishayeyuka huwezi kuupima, kwa hiyo nilizungusha uzi wa kushonea kwenye njia yake yote, nikaukata, nikaenda nao Mkunazini kwa mzee mmoja fundi wa redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete huo uzi."

Alikuwa na kopo limejaa mikanda aliyoivua kwenye mashine zilizokufa. Akachagua mmoja mfupi kuliko uzi wangu kidogo, maana mkanda hutakiwa uwe mfupi kwa asilimia 5 mpaka 10 ili ubane. Akaukunja kwa vidole viwili, akausogeza kwenye mwanga, akauvuta taratibu huku anautazama mgongo wake. Palitokea nyufa nyembamba sana, mimi nisingeziona. Akautupa, akachukua mwingine. Akanieleza kuwa ukibana kupita kiasi nao ni ubaya, unaielemea mota na mwendo unazembea.

Jioni ile mashine iliimba. Wengi hukomea hapo, nami nakusihi usikomee hapo. Bibi alivaa hedifoni, akasikiliza salamu zote, akazivua.

"Baba, huyu siye. Huyu mtoto. Mwanangu mie sauti yake nzito."

Kaseti hizi tangu kampuni ya Philips ilipozitoa mwaka 1963 zina mwendo mmoja dunia nzima, sentimita 4.76 kwa sekunde. Ndiyo maana iliyorekodiwa Muscat inasomeka Kikwajuni. Mashine ikienda mbio, mtu mzima anakuwa mtoto. Vipimo vya kitaalamu sina, ila hesabu ninayo: kwa sekunde 100 utepe unapita sentimita 476. Nilichukua kaseti isiyo na maana, yenye muziki, nikaufungua utepe wake pole pole bila kuuvuta. Nikapima sentimita 476 sakafuni, nikabandika vipande vidogo vya seloteipu mwanzo na mwisho, upande unaosomwa. Ukiucheza, muziki unakatika kidogo mahali pa vipande. Unahesabu kwa saa ya simu kutoka kukatika mpaka kukatika.

Nikapata sekunde 94. Hiyo ni mbio kwa asilimia 6 na zaidi, inapandisha sauti karibu nusu toni ya muziki, na masikio ya bibi hayakudanganyika. Kwenye ubao wa saketi mna kirekebishi kidogo cha mwendo, cha kuzungushwa kwa bisibisi. Nilikigusa kidogo kidogo, nikipima upya kila mara, mpaka ikasimama kwenye 100. Kisha nikaisafisha hedi, kile kichuma kinachousoma utepe, na skrubu ndogo ya kando yake, inayoiweka hedi sawa na utepe, nikaizungusha huku nasikiliza mpaka herufi kama "s" na "sh" zikang'aa, nikaifunga kwa tone la rangi ya kucha.

Safari hii bibi hakuzivua hedifoni. Ami alipotoa salamu, akaitikia, "Wa alaykum salaam," kwa sauti ya juu, akanipungia mkono nikae kimya.

Tahadhari moja: kaseti iliyorekodiwa kwa betri zilizochoka itasikika mbio hata mashine yako ikiwa sahihi. Usiharakie kugusa kirekebishi mpaka ujaribu kaseti nyingine.

Sasa naziingiza kwenye kompyuta, kwa waya kutoka tundu la hedifoni, ili binamu zangu wa Muscat na wa Wete wapate nakala. Zenye ukungu nimezitenga ziwe za mwisho, kwa sababu ukungu unachafua hedi na unahamia kwenye kaseti safi. Nazo kwanza nitazifungua na kuufuta utepe wake kwa kitambaa kikavu.