Vimistari vyeusi kwenye gome la mti

Jamani mkipanda kwenda msitu wa Amani kule milima ya Usambara msipite tu ile miti yenye gome laini, sogeeni karibu, mi leo nimeinama na lenzi ndogo nikaona vimistari vyeusi vimejipinda vingine vimegawanyika kabisaa, kama mtu kaandika kwa wino juu ya doa la kijivu! Ni Graphis hiyo, aina ya laikeni, yaani fangasi na mwani vinaishi pamoja, mwani unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na fangasi ndo inaupa makazi. Vile vimistari ndo sehemu ya uzazi ya fangasi, katikati kuna upenyo mwembamba mno spora, yaani vichembe vyake vya kuzaliana, zinatokea hapo. Na mti hauliwi wala hauumwi, kwahiyo tafadhali msikwangue, vinakua polepole sana