Tabu ya mama yake

Tangu Jumanne nasikia kichwani sauti ya Bi Tabu, bibi mchuuzi wa hapa Mikindani, Mtwara. Kidato cha Nne wamemaliza mitihani ya moko, kaka ameoa Newala na bibi harusi tumempokea salama, lakini hata kwenye ngoma nilikuwa nimekaa na swali lake: "Mwalimu, huyo Tabu wako alimkosea nani?"

Nilikuwa ninawaandikia wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili hadithi fupi, nikaimaliza. Kurasa nne. Tabu anafiwa na mume, mtumbwi unachukuliwa na maji, ndugu wanamtoa nyumbani, anakufa peke yake. Nikatunga na maswali. La tatu: jina la mhusika mkuu linaashiria nini? Mjukuu wa Bi Tabu, yule mpole wa dawati la mbele, aliandika: "Anaitwa Tabu kwa sababu maisha yake yamejaa tabu mwanzo hadi mwisho." Nikampa mbili kwa mbili. Ndivyo nilivyowafundisha, kwamba majazi ni jina linalobeba tabia ya mhusika au yatakayomfika. Mfano nilitoa kwa Shaaban Robert, Adili na Nduguze: Adili ni mwadilifu, na nduguze ni Hasidi na Mwivu. Ukisikia majina tu umeshajua nani atamtendea nani.

Mtoto akaenda kumsomea bibi yake.

Jumanne nikitoka shule nilipita barazani kwake, pale Mikindani, kununua ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa. Akanimenyea mmoja kama kawaida yake, ganda likatoka zima, akauchovya kwenye chumvi na pilipili, akanipa. Nilikuwa bado natafuna alipouliza.

"Mwalimu, huyo Tabu wako alimkosea nani?"

"Hakumkosea mtu, Bibi. Ni jina la hadithini tu, linaonyesha maisha yake."

"Nani alimpa?"

Sikuwa na jibu. Tabu wangu hana mama. Anaingia ukurasa wa kwanza akiwa mtu mzima na jina lake tayari, kama vile aliokotwa nalo. Bi Tabu hakusema zaidi. Alinifungia fungu langu, akaongeza mmoja juu, na ule wa nyongeza ndio ulioniuma kuliko maneno.

Usiku nilimjibu mara nyingi. Nilimwambia fasihi ina kanuni zake. Nilimwambia sikumfikiria yeye, na kweli sikumfikiria, ingawa nampita kila siku na namwita kwa jina hilohilo. Hakuna jibu lililonilaza.

Jumatano nikarudi. Nilikwenda kuomba radhi tu, nikamkuta anacheka na jirani, akanisogezea kigoda kana kwamba alikuwa akinisubiri. Akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Tabu ilikuwa ya mama yangu. Siku tatu ana uchungu, wakunga wameshakata tamaa. Nilipotoka mimi ikaisha. Akaniita hivyo asisahau ilipoishia."

Nikamuuliza kuhusu unyago, maana huku kwetu wengi wakitoka unyagoni au jandoni hutoka na jina jipya. Akasema naye alipewa, zuri sana, na wenzake walimwita hilo. Ila mama yake hakuliacha lile la kwanza mpaka anaingia kaburini. "Akiniita Tabu, anacheka."

Nimerudi nyumbani nimejaa furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimefungua daftari la mahudhurio nikalisoma upya: Mashaka, Shida, Sikujua, Hamisi. Hakuna hata jina moja hapo linalomsema mtoto. Yanasema mama alikuwa na hali gani, baba alikuwa wapi, siku ilikuwa ipi. Jina la mtoto linatazama nyuma. Sisi watunzi tunaliandika litazame mbele, kwa sababu mwisho tunaujua. Mama gani angemtazama mtoto mchanga, hata meno hana, amwite Mwivu? Ni mtunzi tu anayeweza, na Shaaban Robert aliweza kwa sababu alikuwa anajenga mfano wa wema na ubaya na majina yalikuwa nguzo zake. Mimi nilikuwa naandika mwanamke wa pwani hii. Nilipaswa kumtafutia mama.

Leo nimeanza upya kwa kumwandika mama huyo: chumba, taa ya koroboi, usiku wa tatu, na kilio cha mtoto. Bado sijui kama Tabu atakufa mwishoni. Zile alama mbili za mjukuu sizifuti, ila Jumatatu nitaliuliza darasa zima swali la Bi Tabu, nani alimpa?

Baba amepiga simu jioni hii kutoka Nanyamba. Maua ya mikorosho ya upande wa bondeni yameanza kuwa meupe kwa ugonjwa wa ubwiri unga, na dawa ya salfa aliyopata imetosha nusu ya shamba. Anasema atapulizia alfajiri kabla ya upepo. Kifua chake kinamsumbua, na kitambaa cha kuzibia pua huwa anakiacha nyumbani.