Mistari yangu minne

Desemba 2019 binamu yangu aliniletea kadi ya kamera ya harusi yake, gigabaiti 64, nimhamishie video. Niliichomeka kwenye kompyuta yangu ya Linux, ikagoma: haiujui mfumo huo wa faili. Ulikuwa exFAT, unaokuja na kadi za SD zinazozidi gigabaiti 32. Miaka yote tulikuwa tukisaidiwa na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuusoma mfumo huo) ya kupachika pembeni, maana hataza, yaani haki za uvumbuzi, za exFAT zilikuwa za Microsoft na hakuna aliyetaka kesi. Agosti mwaka ule Microsoft wenyewe wakachapisha maelezo ya mfumo huo, wakasema hawana neno draiva yake ikiingia Linux. Novemba, toleo la 5.4 la Linux likatoka nayo.

Nikajenga kerneli mpya, kile kiini cha Linux, usiku kucha, kadi ikafunguka. Hapo ndipo nilipopekua msimbo wa draiva ile. Ulikuwa wa zamani, asili yake Samsung, na ulikuwa mchafu, ndiyo sababu haukuwekwa pamoja na mifumo mingine ya faili bali kwenye folda ya staging. Mimi huiita baraza: mgeni hupewa kiti na maji, lakini ndani haingii bado.

Nami nikaona hapa pana nafasi ya fundi wa Mombasa. Nikaandika kiraka, yaani rekebisho dogo la msimbo: mabano yasiyo na kazi, nafasi zilizokaa vibaya. Nikakituma kwa barua pepe kwa wasimamizi wa Linux. Barua ya kwanza ilirudishwa na mashine kwa kuwa niliituma kama HTML, yaani yenye mapambo, si maandishi matupu. Ya pili ikajibiwa na mtu, maneno machache makavu: kiraka kimoja, jambo moja, na saini yako iko wapi? Nilikasirika siku nzima. Ya tatu ilikuwa mistari minne tu, mabano peke yake, na saini chini. Ikapokelewa.

"Mama, wamekubali kazi yangu!"

"Alhamdulillahi. Wanalipa ngapi?"

"Hawalipi."

Akaendelea kupepeta mchele.

Nisilolijua ni kwamba wahandisi wa Samsung walikuwa wakiandaa draiva nyingine, safi, bila kupita barazani. Waliituma vipande vipande, wakaambiwa warekebishe, wakaituma tena na tena. Na majina yao yakaandikwa kwenye orodha ya walezi, kwamba ikiharibika kesho wataulizwa wao. Nadhani hilo ndilo lililoifungulia mlango kuliko usafi wake. Mimi nilileta ufagio. Sikuahidi kulea mtu.

Toleo la 5.6 lilitoka Machi 2020 na mistari yangu ndani. La 5.7, mwisho wa Mei, likaja na draiva ya Samsung kwenye folda ya mifumo ya faili, na ile ya barazani ikafutwa yote.

Nilipomweleza mamangu, aliuliza kama kadi ya harusi bado inafunguka. Nikaichomeka tena. Ilifunguka, na yeye akaketi kutazama, akilalamika kwamba mpiga picha hakumtoa vizuri.