Siku moja maishani mwangu: kuvizia watoto wa kaa Kunduchi

Saa 7 usiku simu inalia. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo leo ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na hapa Dar maji ya bamvua hujaa mnamo saa 10 alfajiri, yakapwa hadi mnamo saa 4 asubuhi. Kazi yangu ya kutafiti watoto wa kaa hufuata saa za maji. Saa ya ukutani haina lake. Kijana wa bodaboda ananiuliza, "Dada, usiku huu unakwenda kuvua?" Namwambia ndiyo, ila ninachovua hakijazi kijiko.

Saa 8 na nusu nipo ufukweni. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Uduvi wako unakusubiri." Kwa nahodha wangu kila kidudu cha majini ni uduvi, nami nimeshaacha kubishana naye. Tunatia nanga kwenye mlango wa kijito kinachotoka mikokoni na kushusha nyavu mbili zenye matundu ya sehemu ya tano ya milimita, mmoja juu, mwingine karibu na mchanga. Hatuzivuti. Tunaacha maji yanayojaa yapite yenyewe kwa dakika 10. Giza ni totoro, na kila kamba inapogusa maji panamemeta: viumbe wa chembe moja wanaowaka wakitikiswa.

Kisha tunakaa kusubiri maji yageuke, na babu anauliza swali ambalo hata wasomi huuliza. Hawa si wanachukuliwa tu na maji? Jina lenyewe ndilo linalopotosha. Mjerumani Victor Hensen alipowaita viumbe wadogo wa majini planktoni mwaka 1887, alichukua neno la Kigiriki la kutangatanga. Lakini piga hesabu. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma unaongeza kasi. Kitu kinachoelea tu kwenye mkondo wa mita 1 kwa sekunde kinasafiri kilomita 86 kwa siku, maana yake wiki moja na ushee kimeshaingia Somalia. Mtoto wa kaa koko hukaa majini takriban wiki tatu kabla hajawa kaa. Angekuwa anaelea tu, ni nani angerudi mikokoni?

Kushindana na mkondo hawezi, mwili wake ni wa milimita chache. Anachoweza ni kupanda na kushuka. Maji yakijaa anapanda juu, yanambeba kuelekea nchi kavu. Yakipwa anashuka chini, ambako mchanga unaukaba mkondo na maji yanakwenda polepole. Ni kama abiria wa Tegeta: daladala haendeshi yeye, ila anajua apande lipi na ashuke wapi. Babu anacheka. "Kumbe wana akili kuliko makonda."

Saa 12 asubuhi maji yanapwa kwa nguvu, tunashusha tena. Wavu wa juu ukipandishwa, kipimamkondo hakizunguki: uzi wa kiroba umejisokota kwenye pangaboi yake. Bila hesabu ya mizunguko sijui ni maji kiasi gani yamepita, kwa hiyo chupa hiyo ni ya kutupa. Tunarudia, nikinung'unika.

Saa 3, chapati mbili na chai ya rangi.

Saa 4 hadi saa 9 ni darubini, shingo inauma. Kwenye chupa za maji ya kujaa, wavu wa juu una megalopa wengi, yaani watoto walio karibu kutulia: macho makubwa, magando tayari, mkia bado umenyooka nyuma kama wa kamba. Chupa za kupwa zimejaa zoea, yaani watoto wa hatua ya mwanzo, wadogo zaidi, wenye mwiba mgongoni. Nadhani ni wa wale kaa wa tope wenye gando moja kubwa, ambao hupenda kuachia watoto wao usiku wa bamvua ili maji yanayotoka yawapeleke nje. Megalopa humo nawapata watatu tu. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

Saa 9 na nusu mkubwa wangu anaangalia daftari na kunimwagia maji baridi. "Chupa za kujaa ulizichukua gizani, za kupwa kumeshapambazuka. Wamekimbia maji kupwa au wamekimbia mwanga?" Sina jibu. Megalopa wa kaa wa bluu kule Marekani hufanya hivyo hasa: hupanda maji yanapojaa, ila usiku, mchana mwanga huwazuia.

Saa 11, foleni ya Mwenge, nimesimama huku nimeshika bomba, nasoma jedwali la maji kwenye simu. Wiki ijayo ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Yatajaa mnamo saa 4 usiku, kwa hiyo yatapwa gizani. Nampigia babu. "Saa 6 usiku, babu, inawezekana?"

"Mjukuu wangu," anasema, "huo uduvi utakutoa roho. Njoo na kahawa."