Tamari aliambiwa anyamaze

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri, niseme tu ukweli. Jumapili baada ya ibada dada mmoja alinivuta pembeni (amenipa ruhusa niandike haya) akaniambia ametoka kwenye ile ndoa ya kipigo miaka 3 sasa, ila bado mlango ukibamizwa moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usiku anaamka mara tatu mara nne kukagua kufuli. Na mimi mama wa maombi nikamjibu nini? "Msamehe tu mpenzi, mwachie Mungu." Akasema amina akaondoka. Ile amina yake ndo imeninyima usingizi.

Juzi nikafungua 2 Samweli 13, nimeisoma mara nyingi ila safari hii nikakwama mstari wa 20. Tamari, binti wa mfalme Daudi, alibakwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja. Hakuficha, alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda analia kwa sauti. Halafu kaka yake mwingine, Absalomu, tena anayempenda, anamwambia nyamaza, usilitie moyoni. Akabaki na ukiwa wake humo humo nyumbani kwa Absalomu. Daudi naye alikasirika sana, basi, ikaishia hapo.

Wapendwa, akina Absalomu tumejaa kanisani, tena tunanyamazisha kwa upendo na kwa maandiko! Mtu akisema anaota vibaya tunamwambia hana imani, akichelewa kusamehe tunasema ana uchungu, akikimbia na watoto tunamkumbusha kiapo. Hapana jamani. Kule kutetemeka sio pepo wala sio dhambi, mwili ulijifunza kuogopa ili uishi na unahitaji muda kuamini tena kwamba uko salama. Kwenda kwa mshauri nasaha, kwenda polisi, kumeza dawa alizoandika daktari, hakuna hata kimoja hapo kinachomkana Mungu. Na aliyebakwa asisubirishwe mkesha, apelekwe hospitali sasa hivi, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya masaa 72, tutaomba tukiwa njiani.

Yesu alikuwa na haraka ya kwenda kwa Yairo, mtoto yuko mahututi, na bado alisimama mpaka yule mama wa kutokwa damu akamweleza kweli yote. Yote!

Jana nilimpigia yule dada nikamwomba msamaha, nikamwambia nieleze, sina haraka. Masaa mawili, sikutoa hata mstari mmoja. Alhamisi namsindikiza kwa mshauri, mtukumbuke.